Tui la Kwanza

"Mama Nadia, zima hicho kitu tuzungumze."

"Umeniitaje?"

Aliyeita alikuwa mumewe, Adamo. Alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu uani, kofia mkononi, kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Nimekuuliza, umeniitaje?"

"Usilifanye neno kubwa, Zaida."

"Neno kubwa umelifanya wewe. Tangu nimjifungue Jamaldine, mtaa mzima wa Milamba unaniita Mama Jamali, na wa kwanza kuniita hivyo ulikuwa wewe, siku ile ile, kabla hata kitovu hakijakauka. Leo nimekuwa Mama Nadia? Nani kakufundisha?"

"Watu wanaona vibaya. Wanaona wakilitaja jina lake wanakutonesha."

"Watu gani? Hao hao wanaosukumana mlangoni kwangu asubuhi kugombania barafu? Mbona kule hawaoni vibaya?"

Nadia, aliyekuwa amechuchumaa karibu na betri akikaza nyaya, aliinamisha kichwa zaidi. Alikuwa amerudi likizo kutoka Pemba, si kisiwa bali mji mkuu wa mkoa wao, anakosoma, na siku zote tatu alizokaa nyumbani wazazi wake walikuwa na ugomvi mmoja tu, huu huu. Ulikuwa ukinyamaza wakati wa kula na kuanza tena wakati wa kunawa.

Jua lilikuwa limezama muda si mrefu, maana mwezi wa sita huku Mocímboa usiku huwahi. Maghribi ilikuwa imeshasaliwa. Uani, kwenye nafasi kati ya mpapai na tangi la maji, darubini ya Jamali ilisimama juu ya miguu yake mitatu ikielekea kusini. Haikuwa kubwa. Ilikuwa bomba jeupe lenye upana wa kopo la maziwa ya unga, aliloachiwa Jamali kule Palma, walikokuwa wakiishi wakati ule, na mgeni mmoja aliyemaliza mkataba wake wa kazi akaona uzito wa begi. Nyuma yake, pale ambapo mtu huweka jicho, palikuwa na kamera ndogo yenye waya mrefu ulioingia kwenye kompyuta. Kompyuta ilikuwa juu ya meza ya kukatia samaki, imefunikwa kanga kama mwali, ili mwanga wake usionekane barabarani. Askari wa doria waliwahi kuuona wakaingia na bunduki. Zaida aliwaambia wavue viatu, akamketisha mkubwa wao kwenye kigoda, akamwonesha nyota. Tangu hapo wanapita wakisalimia tu, lakini kanga hakuiondoa. Mambo ya tahadhari hayana aibu.

"Nasikiliza," alisema Zaida, huku akiinua pindo la kanga kutazama kioo. "Ulitaka tuzungumze, zungumza."

"Nimeshamwambia Sheikh Abdurrazaque."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba ni leo. Baada ya Isha. Watu wameshaambiwa."

Zaida aliliachia pindo la kanga. Alikuwa mwanamke wa kazi, mwenye diploma ya ufundi wa majokofu kutoka Nampula, na mtambo wa barafu pale sokoni ulikuwa chini ya mkono wake. Wavuvi wenye vifua kama milango walikuwa wakiosha masanduku yao mara mbili kwa kumwogopa. Hakuwa na mazoea ya kutafuta maneno. Sasa aliyatafuta.

"Umewaita watu kuja kumsalia mwanangu sala ya ghaibu," alisema polepole, "na mimi naambiwa baada ya Maghribi. Kama vile mpishi."

"Nilikwambia mwezi uliopita ukakataa. Nilikwambia wiki iliyopita ukatoka ukaenda kulala mtamboni. Ningekwambia lini?"

"Ungeniambia ukiwa na mwili wake."

"Mwili!" Sauti ya Adamo ilipasuka. Alikuwa fundi cherehani, mtu mpole, na akipaza sauti ilimkwaruza koo yeye mwenyewe. "Mwili wa nani wa Palma ulioletwa nyumbani, Zaida? Nitajie mmoja! Ndiyo maana ikawekwa sala ya asiyekuwepo. Sérgio kasema kamzika. Kwa mikono yake."

"Sérgio kasema kazika vijana watatu asiowajua."

"Na mmoja alikuwa na kile!"

Alinyoosha kidole mezani. Hakukuwa na haja. Wote watatu walijua kilipo. Kilikuwa kando ya kompyuta, juu ya kitambaa, kijipande cha chuma cheusi kama kizibo kinene, chenye kioo kila upande. Ni jicho la darubini, lile unalochomeka nyuma ya bomba ukitaka kutazama mwenyewe bila kamera. Sérgio, dereva wa lori kutoka Diaca, alikitoa mfukoni mwa mmoja wa vijana hao kando ya njia, siku mbili baada ya Palma kuvamiwa. Akakiweka kwenye sanduku la vifaa vya gari kwa miaka minne, akidhani ni kitu cha pampu. Mwezi uliopita alikuja kununua barafu, akaona picha ya darubini kwenye simu ya Zaida, akasema, "Dada, mimi kitu kama hiki nakijua." Kesho yake akakileta. Zaida alikichomeka kwenye bomba. Kiliingia kama mguu kwenye kiatu chake.

Na Jamali, siku ile anatoka kwenda kwenye duka alimokuwa akitengeneza simu, jicho hilo alikuwa nalo. Lilikuwa limeota ukungu. Alikwenda kulisafisha kwa spiriti ya dukani. Hilo Zaida alilijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu ndiye aliyemwambia asilifunge kwenye karatasi ya mkate.

"Vitu kama hivyo viko vingi," alisema.

"Palma? Vingi Palma?"

"Kiwanda hakitengenezi kimoja."

"Zaida." Adamo alikaa kwenye kizingiti, akaiweka kofia gotini. "Mimi ni baba yake. Unadhani napenda? Nimechoka kumwombea kwa maneno mawili. Nikiinua mikono sijui niseme Mola mrudishe au Mola mrehemu. Nasema yote. Miaka minne nasema yote, mpaka naona haya mbele ya Mungu."

Zaida alivuta kigoda, akakaa mbele ya kompyuta, akajifunika kanga kichwani pamoja na mashine. Huko ndani, kwenye mwanga hafifu aliokuwa ameupunguza mpaka mwisho, lilikuwepo lile wingu.

Jamali aliliita Jiko, kwa sababu lilikuwa jekundu kama makaa yaliyobaki chini ya chungu. Kwa macho huonekana kidoa tu cha ukungu upande wa kusini. Ukilipiga picha moja ya sekunde chache, hupati kitu. Giza na chembechembe, kama kioo kilichomwagiwa mchanga. Lakini programu ile ilipiga picha, ikapiga nyingine, ikazipanga nyota juu ya nyota zake, na nyingine tena, na nyingine. Mbele ya macho yako mchanga ukaanza kutulia na makaa yakaanza kuwaka. "Narundika, Mama," alikuwa akisema. "Moja haitoshi. Unarundika mpaka kilichojificha kinachoka kujificha."

Siku ile ya mwisho, mchana, alikuwa ameshaiandaa kompyuta kwa ajili ya jioni. "Usiizime, Mama. Ina picha za siku tano humu. Nikichelewa, giza likiingia bonyeza hapa tu, nikirudi nitaendelea." Saa kumi risasi zilianza. Zaida alikimbilia pwani na kompyuta kifuani na bomba mgongoni, limefungwa kwa kanga kama mtoto mchanga. Watu walimtukana. Mwanamke mmoja alimwambia kwenye boti, "Wenzako wamebeba watoto, wewe umebeba mashine." Mtoto wake yeye alikuwa na miaka ishirini na miguu mirefu, na alimwambia anarudi.

Tangu hapo hakuifunga ile kazi. Kule Pemba, kwenye uwanja wa mahema, aliomba umeme kwenye genereta ya zahanati, akaifungua, akakuta programu inauliza kama aendelee pale alipoishia mwenye nayo. Akabonyeza ndiyo. Waliporudi Mocímboa, kitu cha kwanza kusimama uani kilikuwa darubini, kabla ya choo. Kila mwaka, Jiko likianza kuonekana mapema jioni, alitoka mtamboni, akasali, akaiweka kamera, akabonyeza. Hesabu ya picha pembeni ya kioo ikapanda. Na kila mwaka wingu lilikuwa zuri zaidi. Sasa lilikuwa na mikunjo, na mistari myeusi kama mifereji, na nyota mviringo kama shanga.

Alitoka ndani ya kanga.

"Njoo uone," alimwambia mumewe.

"Nimeshaona."

"Njoo uone tena! Hii ni kazi yake. Aliianza yeye, iko humu, chini kabisa, na kila jioni mimi naongeza juu yake. Mtu aliyekufa kazi yake imesimama. Hii haijasimama. Inakua. Wewe unaniambia nikamsalie mtu ambaye kazi yake inakua mbele ya macho yangu?"

"Haikui, Mama."

Ilikuwa sauti ya Nadia. Alikuwa bado amechuchumaa, bisibisi mkononi, na ilionekana neno lilimtoka kabla hajaliruhusu.

"Unasemaje wewe?"

"Sijasema kitu."

"Umesema. Malizia. Nimekupeleka Pemba ukasome hesabu, si kumeza maneno."

Nadia alisimama. Alimtazama baba yake, kisha mama yake. "Picha inakuwa nzuri, hilo kweli. Lakini kazi ya kaka Jamali haikui humo. Inapungua."

"Inapunguaje wakati naongeza?"

"Ndiyo kwa sababu unaongeza."

Zaida alicheka, kicheko kifupi kikavu. "Mwanangu, mimi narundika barafu kila siku. La kwanza linakaa chini. Ukipanga mia juu yake, lipo pale pale chini. Ukitaka kulifikia, unaondoa ya juu. Limepungua nini?"

"Hairundiki kama barafu, Mama. Jina tu ndilo linadanganya." Nadia aliangaza macho akitafuta kitu cha kushika, akakiona kibao cha mbuzi kimeegemezwa ukutani, meno yake bado meupe kwa nazi ya mchana. "Ni kama tui. Umekuna nazi, umekamua tui la kwanza. Zito. Kikombe kimoja. Ukamimina humo tui la pili, halafu la tatu, halafu la nne, na kila ukimimina unakoroga. Programu inakoroga. Inachukua picha zote, inatafuta wastani, inakupa moja. Ile ya kwanza haikumwagika, imo. Lakini onja. Utaipata?"

Kwa jirani mtu alikuwa akipiga mswaki na kutema.

"Kila jioni?" Zaida aliuliza.

"Kila jioni ukibonyeza."

"Sasa hivi yeye yumo kiasi gani?"

"Mama, wachana na hayo."

"Nimeuliza kiasi. Najua wastani ni nini, sikuokota diploma jaani. Zake ngapi na zangu ngapi?"

Nadia alijikaza akamwambia. Za Jamali hazikufika mia tatu. Za mama yake zilikuwa zimepita elfu kumi na moja.

Zaida hakuhitaji kalamu. Aliwahi kuona kijiko kimoja cha chumvi kikitupwa kwenye pipa la maji ya barafu kwa makosa, na wateja wasijue. Miaka minne. Kila jioni aliyotoka mtamboni vidole vimekufa ganzi, akakataa kula kwanza, akakataa wageni, akakataa harusi ya binti wa dada yake kwa sababu anga lilikuwa safi siku hiyo. Alidhani anamwekea mwanawe mlango wazi. Kumbe kila alipobonyeza alikuwa akimmiminia maji.

Adamo aliinuka kumshika bega. Zaida alimwondoa mkono, bila hasira.

"Zake zimepotea?"

"La, la!" Nadia alikuja mbio mezani. "Kaka alikuwa anaweka kila picha peke yake vilevile. Zipo kwenye folda yake, za siku zile tano. Wewe hukuwahi kuigusa. Ninachosema ni hii iliyo mbele, hii iliyokorogwa."

"Zikoroge zake peke yake."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, kabla ya Isha. Ondoa zangu zote."

"Mama, itakuwa mbaya. Chache vile, zina mchanga mwingi..."

"Nimekuomba nzuri?"

Wakaingia wote wawili chini ya kanga. Baada ya kusitasita kidogo, Adamo naye akainama akaingia, watatu chini ya kanga moja, pumzi zao zikapiga kioo. Nadia alifungua folda ya kaka yake. Majina ya picha yalikuwa marefu na ya ovyo, kama yeye. Akazichagua zote. Programu ikauliza kitu.

"Inasema kuna picha zilizotikisika," Nadia alieleza. "Nyota zimevutika. Za kwako ilikuwa inazitupa yenyewe ikiziona, ndiyo maana nyota zako zote mviringo. Hizi za kaka, nyingi sana zimetikisika. Nizitupe?"

"Zimetikiswa na nini? Upepo?"

Nadia alifungua moja, akaikuza. Kila nyota ilikuwa na mkia mdogo, wote upande mmoja, kama kitu kilichogongwa kidogo kidogo, mara nyingi, bila kukoma.

Zaida aliujua mkia ule. Aliujua kama anavyoujua mlio wa mtambo wake. Kule Palma hawakuwa na nafasi. Darubini ilisimama juu ya meza ya mbao, na Jamali alikaa kwenye meza hiyo hiyo, goti la kushoto likipiga mguu wa meza. Hakuweza kutulia. Tangu mdogo. Kwenye mkeka wa chakula goti lilikuwa likicheza mpaka mchuzi unafanya mawimbi, na Zaida alikuwa akimpiga kofi juu yake, paa, "Tulia! Unachimba kisima?" Yeye anacheka, anatulia kwa tonge mbili, goti linaanza tena.

"Ni goti lake," alisema Adamo.

"Nizitupe, Mama?"

"Usitupe hata moja."

Nadia akabonyeza. Ile picha nzuri, yenye mikunjo na shanga, ikatoweka. Likaja giza. Ukaja mchanga. Hesabu pembeni ikaanza kupanda, kumi, thelathini, sabini, na kutoka ndani ya mchanga kikaanza kuonekana kidoa chekundu, hafifu, kisicho na umbo, na kukizunguka nyota zenye mikia, mamia, zote zikiegemea upande mmoja. Ilikuwa picha mbaya. Kona moja ilikuwa imekatika. Mstari mweupe uliipasua katikati, chombo fulani kilichopita angani moja ya jioni zile, na Jamali hakukiondoa.

Zaida aliitazama bila kupepesa. Aliona goti. Aliliona kwenye kila nyota.

Kisha hesabu ikasimama.

Programu haikuzima. Chini ya picha palikuwa na maandishi madogo kwa Kireno, kwamba inasubiri picha inayofuata. Duara dogo likawa linazunguka. Wakalitazama likizunguka. Zaida alijikuta ameinamia mbele, kama mtu anayesikiliza hatua barabarani. Duara lilizunguka, likazunguka. Kamera ilikuwa imechomekwa, Jiko lilikuwa juu ya mpapai, safi, na ingetosha kubonyeza mara moja ili hesabu ipande tena.

"Niendelee?" Nadia aliuliza, kidole hewani.

Miaka minne jibu lilikuwa ndiyo. Zaida alifungua mdomo, na ndiyo haikutoka. Alikuwa anaona kwamba picha inayofuata haitakuwa na mkia. Wala itakayofuata hiyo. Zitakuwa zake yeye, mviringo, zimetulia, nzuri, mpaka Jamali atakapofutika, yeye na goti lake.

"Hapana," alisema. "Zimekwisha."

Alisikia alichosema. Wote walisikia. Adamo aliweka kiganja usoni.

"Hizo ndizo alizopiga. Hakupiga nyingine. Iweke hivyo ilivyo, isiguswe tena na mtu. Na mimi nisiiguse, hata nikikuamrisha. Umesikia, Nadia? Hata nikikulilia."

"Nimesikia, Mama."

Nadia aliihifadhi. Ndipo sauti ya muadhini ikaja kutoka msikitini, kavu kidogo, kwa sababu kipaza sauti hakikuwa na umeme na mzee alitumia koo lake. Adamo alitoka chini ya kanga, akaokota kofia iliyokuwa imeanguka mchangani, akaipangusa. Sheikh alikuwa amemwambia wazi: nitasalisha, lakini sitamsalia mtu ambaye mama yake bado anamsubiri, mama akubali kwanza. Adamo alikuwa ameandaa maneno ya kuwaambia watu warudi nyumbani. Zaida aliyaona mdomoni mwake.

Alinyoosha mkono akaizima kompyuta. Hakuiacha ikisinzia kama siku zote. Aliizima kabisa, akangoja taa yake ndogo ya pembeni ife. Alichomoa waya. Alitoa kamera nyuma ya bomba, akampa Nadia. Alilichukua lile jicho jeusi juu ya kitambaa, lililokaa miaka minne kwenye sanduku la spana, akalichomeka mahali pake, akakaza skrubu kwa ukucha. Hakutazama.

Akaenda kwenye tangi. Akatia udhu kama anavyofanya kila kitu, haraka, bila kumwaga. Alipomaliza alivaa buibui juu ya nguo za kazi.

"Unakwenda wapi?" Adamo aliuliza.

"Unadhani wapi? Sheikh si anataka kunisikia mimi? Au na hilo utanisemea?"

"Zaida, si lazima leo. Naweza kuwaambia..."

"Umewaita watu. Watu wamekuja. Twende." Alifika mlangoni, akasimama. "Na huko njiani mtu asiniite Mama Nadia. Nadia anisamehe, sina ubaya naye. Lakini mimi wa kwanza kunipa jina ni yule, na kufa kwake hakujanivua."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka neno kufa kwa habari ya Jamali. Lilipita mdomoni mwake kama mwiba wa samaki, likapita.

Adamo alimfungulia mlango. "Tangulia, Mama Jamali," alisema.

Msikiti haukuwa mbali. Wakasali Isha, na baada ya Isha watu hawakutawanyika. Upande wa ubaraza, walikokaa wanawake, walimpisha katikati. Sheikh Abdurrazaque alikuja mpaka penye pazia, akaegemea fimbo, akauliza kwa upole, kwa namna ya kumpa mtu njia ya kukataa, "Mama Jamali, umeridhia?"

"Nimeridhia," alisema, kwa sauti ya mtamboni, iliyofika hadi safu ya mwisho ya wanaume. "Jamaldine wa Adamo. Msalieni."

Safu zikanyooka. Mbele yao hapakuwa na jeneza, palikuwa na ukuta mweupe tu. Sala hii haina kurukuu wala kusujudu. Mtu husimama wima mpaka mwisho. Sheikh akainua mikono, akapiga takbiri, na Zaida akainua yake, akaikunja kifuani, Nadia upande wake wa kulia. Katika takbiri ya pili alihisi kitu kikipiga kitambaa cha buibui, kidogo kidogo, bila kukoma. Lilikuwa goti lake la kushoto.

Hakulizuia.